Jiwe la Mlangoni

Bwana Shamte wa ofisi ya majengo ya kale alikuja kumhamisha Bi Mize, muuza miwa wa mlangoni pa nyumba moja kongwe, lakini alipoliona jiwe la ngazi alipiga magoti akatoa utepe wa kupimia.

"Njooni muone!" aliwaita wenzake. "Jiwe limelika mpaka limefanya kibonde. Hii ni kazi ya kamba. Hapa alikuwa akifungwa punda wa mwenye nyumba, miaka mia mbili nyuma." Akaandika. "Tutalizungushia mnyororo, asiliguse mtu."

Bi Mize alikuwa ameinama akifunga virago, maana barua ilisema mwisho wake pale ni leo.

"Mama, sogea kidogo, unatukinga jua. Tunapiga picha."

Alisogea. Halafu akarudi.

"Huyo punda, mwanangu, alikuwa akiitwa nani?"

"Ah, mama! Hilo nani atalijua leo?"

"Mimi najua. Alikuwa akiitwa Mwanasha. Ndiye aliyenizaa."

Akachutama kando ya Bwana Shamte, akachomoa kisu chake cha miwa, akalinyunyizia jiwe maji kwa ncha za vidole kama mama yake alivyokuwa akifanya kila alfajiri, miaka yote ya uhai wake. Akakilaza kisu. Kikatulia ndani ya kile kibonde kama kimerudi alani. Akaanza kunoa, taratibu, huku na huku, na unga mweupe wa jiwe ukawa unadondokea viatu vya Bwana Shamte, ambaye kalamu yake ilikuwa imesimama juu ya neno "punda".