Alama za Kochi

Ukutani ulibaki msumari mmoja. Runinga haikuwepo, kochi halikuwepo, hata kitanda cha mtoto hakikuwepo. Palipokuwa na kabati pakaonekana mstatili wa rangi, safi kuliko ukuta wote. Msusi alisimama katikati ya sebule, mkononi ana karatasi iliyokunjwa mara nne, akijaribu kukumbuka alikuwa anataka kufanya nini.

“Hodi hodi!” Mama Pacha, jirani wa mlango wa pili, hakungoja kukaribishwa. Alizungusha macho chumbani, akapiga makofi. “Loo! Mwenzangu, mmetia fora. Mimi mwaka ule nilificha friji tu, nikajiona mjanja. Nyinyi hadi kitanda!”

Mtaa mzima ulikuwa unaujua mchezo huo. Mfuko wa hisani ukishapokea fomu yako, unamtuma mkaguzi aje kuona kama kweli huna mbele wala nyuma. Basi wiki ya ukaguzi vitu huhama. Redio inakwenda kwa jirani, kochi kwa shemeji, na mume anakwenda kwa mama yake. Mkaguzi akishapita, vyote vinarudi. Mama Pacha aliwapatia mapacha wake miwani kwa njia hiyo, na hakuona haya kulisema.

“Niliiona pikapu juzi alfajiri,” alisema, “nikajua tu, hawa wamejipanga. Baba mtoto kapakia mwenyewe?”

“Mwenyewe.”

“Basi akae hukohuko, asije akatokea mlangoni mkaguzi akiwa ndani.”

“Hatatokea.”

“Na hiyo karatasi? Si mwandiko wake huo? Kakuandikia majibu kabisa! Mume unaye wewe, wangu hata fomu ya shule namjazia. Umeikariri?”

“Neno kwa neno.”

“Safi. Ukiulizwa habari za mume, sema amekukimbia. Na ulie kidogo, dada, usikae umejikausha hivyo.”

Msusi aliitikia kwa kichwa. Kulia angependa. Lakini tangu juzi mwili wake wote ulikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya ukafa ganzi. Unaugusa, hausemi kitu.

Binti yake wa miaka sita alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwao, akichora. Daktari alikuwa amesema wazi: apate mashine za masikio mwaka huu, la sivyo kuongea kutakuwa kumempita. Na mashine hizo msusi asingezipata hata akisuka vichwa vya mji mzima. Ndiyo maana fomu ile aliijaza kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote, akaipeleka mwenyewe kwa miguu.

Mkaguzi alifika saa nne. Alikuwa mtu mzima, mpole, viatu vimelika visigino. Alikalia ndoo iliyopinduliwa, akafungua faili juu ya magoti.

“Mume, mama?”

“Ameondoka.”

“Amekwenda wapi?”

“Sijui.”

Mkaguzi alitabasamu kwa uchovu. “Mama, wewe ni wa kumi na mmoja katika mtaa huu kukimbiwa na mume wiki ya ukaguzi.”

Aliinama, akapitisha kidole kwenye zulia la plastiki lililobandikwa sakafuni. Palikuwa na mashimo manne madogo, ndani yake hamna hata vumbi.

“Kochi limetoka lini hapa?”

“Juzi.”

“Na runinga?”

“Siku hiyohiyo.”

Hapo alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. Waombaji wengine wote walikuwa wameapa kwa makaburi ya wazazi wao kwamba hawajawahi kumiliki kochi. “Angalau wewe hunidanganyi,” alisema.

Msusi alianza kuikunjua ile karatasi. “Mzee, kuna hii—”

“Ya majibu? Irudishe tu, mama. Nimeziona nyingi.”

Akaikunja tena, mara nne, kwenye mikunjo ileile.

Mkaguzi aliinuka, akaenda nyuma ya mtoto, akapiga kofi moja la nguvu. Mtoto aliendelea kuchora. Mkaguzi alibaki amesimama pale kidogo, viganja vyake bado vimeshikana, kisha akarudi kwenye ndoo yake na kuandika. Msusi aliyasoma maneno yale kichwa chini miguu juu, herufi kwa herufi: Mwombaji amehamisha mali.

“Hata mimi linaniuma,” mkaguzi alisema. “Lakini nafasi ni kumi tu, na wapo wasio na kitu kweli. Mumeo akirudi na vitu vyenu, mwambie mwakani muombe kwa njia ya haki.”

“Akirudi, nitamwambia.”

Alimwonyesha pa kutia sahihi, naye akatia.

Mkaguzi hakuwa amefika hata kona, Mama Pacha akaingia. “Enhe?”

“Amekataa.”

“Amekataa! Na mtoto alivyo? Basi wewe ulikosea kusema. Nilijua mimi, kwa uso huo mkavu.” Akanyoosha mkono. “Lete hiyo karatasi nione ulipoteleza.”

Msusi akampa. Mama Pacha, ambaye hakuwahi kuweza kusoma kimyakimya, akaikunjua na kuisoma kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

“‘Nilivyochukua ni vyangu, nilinunua mimi. Msinitafute. Mtoto baki naye wewe.’”