Huyu Ndiye Kijana wa Leo

"Nani huyu?" aliuliza Shekhe Hashil, akaligonga gazeti kwa kidole mpaka likatoboka.

Himyar aliinama akatazama. Picha ilipigwa kwa nyuma, kwenye dirisha la tiketi la sinema. Mtu alivaa kofia ya pama, mkono mmoja mfukoni, mwingine ukinyoosha shilingi. Uso haukuonekana. Suruali ilionekana vizuri sana. Ilikuwa na mistari kama pundamilia, imeshonwa kwa masalio ya pazia, na Tanga nzima ilikuwapo hiyo moja tu.

"Suruali ni yangu, Baba," alisema Himyar, kwa sauti ya mtu anayesoma wosia. "Mtu si mimi."

"Kwa hiyo suruali ilikwenda sinema peke yake?"

 Jumamosi ile ya picha, alasiri, Himyar alikuwa harusini kwa binamu yake Mastura, uani, kwenye ngoma ya wanawake, asikoruhusiwa dume lolote, hata jogoo. Alijifunika gubigubi buibui la bibi yake, suruali ameiacha nyumbani mistari isije ikamsaliti, akaketi jamvini kati ya mikono iliyopakwa hina na piko, anapiga makofi na kuongezewa pilau. Alikuwa ameapa mbele ya bweni zima la shule kwamba atafanya hivyo likizo hii, na mwanafunzi wa bweni havunji kiapo chake. Alimshukuru Mungu bibi mwenyewe hakutokea. Uzee, walisema watu.

Mashahidi wa kumtetea, basi, walijaa ua mzima. Na kila mmoja angemchuna ngozi kwanza.

"Jumapili unakwenda Tongoni kwa ami yako, ukalinde minazi," alisema Shekhe Hashil. "Shule basi."

Himyar alipima. Mwenda sinema hupelekwa Tongoni. Mwenda ngomani kwa buibui hupelekwa kaburini. Akachagua minazi.

Chini ya picha mhariri alikuwa ameandika: "Huyu ndiye kijana wa leo. Mtazameni alivyokunja miguu ya suruali mara mbili, kwa kiburi. Tazameni vidole vyake, vyeusi, havijui maji ya udhu. Hana mama wa kumkanya."

Kabla ya gazeti hilo mtaa wao wa Usagara haukuwa na wahuni. Sasa walihitajika, nao wakapatikana. Muuza kahawa alianza kuficha vikombe kila akiona kijana. Vijana nao, kwa kuwa walikwisha kuhukumiwa, waliona wasipoteze hukumu bure: wakakunja miguu ya suruali mara mbili. Idarusi, mwana wa jirani, aliyekuwa akimpisha hata paka, alijipaka masizi vidoleni.

"Wewe ndiye uliyeiba suruali yangu?" Himyar alimbana ukutani.

"Laiti!" alisema Idarusi kwa uchungu. "Ningekuwa mimi, ningegeuka uso uonekane."

Ajabu zaidi ilikuwa ya Himyar mwenyewe. Alijua kwa yakini kwamba wa pichani si yeye. Hata hivyo siku moja, njiani kutoka sokoni, alijikuta anaburura kiatu, mkono mfukoni, bega moja juu, kama yule wa gazetini. Alisimama ajikumbushe yeye ni nani. Hakukumbuka vizuri.

Mtu mmoja tu hakumtazama kwa jicho baya: Bibi Zeyana, mama yake Shekhe Hashil, kimo chake mtungi na kifuniko. Alisoma msahafu na barua za Kiarabu bila kukwama, lakini herufi za kizungu kwake zilikuwa nyayo za kuku. Kila alasiri alimwita mjukuu wake amsomee gazeti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Soma pale pa picha."

Himyar alisoma. Jumapili ilikuwa inakaribia.

"Limesema kijana?"

"Kijana, Bibi."

"Halikusema mtu tu?"

"Kijana wa leo."

"Rudia."

Alirudia, akihuzunika kwamba masikio ya bibi yake nayo yanakwisha.

Jumapili ikafika. Sanduku la shule lilikwisha kumwagwa vitabu, likatiwa shuka na panga. Himyar alisimama mlangoni, hajui miguu aiweke wapi, wakati Bibi Zeyana alipotoka chumbani na mkongojo wake.

"Hashil. Mtoto mrudishie vitabu vyake. Hakwenda sinema."

"Mama, umejuaje?"

"Wewe nimekuzaa. Hilo ndilo litakalonishinda?"

Shekhe Hashil hakuogopa mtu Tanga nzima, ila mmoja. Aliinamisha kichwa. "Ndiyo, Mama." Akalitoa panga sandukuni, akatoka nalo nje kama aliyetumwa.

Himyar alipiga magoti miguuni pa bibi yake, na safari hii hakuwa akifanya mzaha.

"Mungu akuweke, Bibi. Lakini kweli, umejuaje?"

"Nilitaka kwenda ngomani, mume wangu. Nikaliendea buibui langu msumarini, nisilikute." Alinyoosha mkono, vidole vyeusi kwa piko mpaka kwenye kucha, akamshika sikio taratibu. "Ikabaki suruali yako, na kofia ya marehemu babu yako. Ngomani wasingenipokea vile. Haya, soma tena pale pa kijana."