Sahani ya Tosha

Tosha alikuwa ametapika mara tatu, na bado alilamba ndoo tupu. Bi Mwanakheri alijua ni nani aliyemtilia sumu mbwa wake. Jirani yake Makwega hakuacha kulalamikia kelele za mbwa huyo. Akamsogezea Makwega sahani ya Tosha hadi puani.

"Umemtilia nini mbwa wangu?"

Makwega akaonja kipande cha samaki, akatema. "Hii ng'onda, dada. Chumvi tupu! Nani hapa anapika ng'onda kila siku kama si wewe?"

"Nampa makombo tu," alisema kwa sauti ndogo. "Anaipenda."

"Chumvi hiyo itamuua. Mpe maji, nikamwite daktari wa mifugo."

Bi Mwanakheri akapiga magoti, akiomba kimoyomoyo, maji yamejaa viganjani. Tosha akayanywa yote, kisha akaendelea kulamba vidole vya Bi Mwanakheri, vilivyonuka ng'onda.