Kabati la Kijivu

"Bluu hiyo itapendeza," mumewe alisema, bila kuinua kichwa kwenye saa aliyokuwa akiifungua.

Mwiko ukasimama ndani ya ndoo. Mama wa nyumba akautazama mchanganyiko wake, kisha akamtazama mumewe kwa huruma.

"Bluu ipi, baba watoto? Hiki ni kijivu."

"Haya. Kijivu kilichovaa bluu."

Alikuwa akitengeneza rangi ya chaki, ya kupaka kabati aliloachiwa na marehemu mama yake. Kazi hiyo alijifunza mwenyewe, kwa kuharibu viti viwili kwanza. Unga wa jasi unachekechwa, unakorogwa na maji ya vuguvugu mpaka ulainike kama uji, ndipo unamiminwa kwenye rangi ya maji. Ikikauka haing'ai, na inashika mbao kuukuu bila kuzipiga msasa. Rangi yenyewe aliichagua dukani kwa mkono wake. Mumewe alipotaka kusoma maandishi ya kopo, alimpokonya. "Rangi ninayoitaka naijua."

"Ina madonge," mumewe akasema. Akainama kutoka kwenye stuli yake, akachopoa donge moja kwa kibanio cha saa.

"Unga wa siku hizi huo. Hausagwi ukasagika."

Alisema hivyo kwa utani, lakini moyo wake haukuwa umetulia. Baba mkwe wake alipofuka kimyakimya, huku akijidai anaona, mpaka siku aliyoupa mkono mwimo wa mlango akidhani ni mgeni. Mwanawe alirithi ubishi ule wote. Ni kweli saa za watu bado alikuwa akizitengeneza, zenye skrubu ndogo kama mbegu za mchicha, ila hilo halikumdanganya mkewe. Vidole vyake vilishazoea. Mbona mwezi mzima sasa hashuki ngazi za barazani mpaka wamekamatana mikono? Mkewe hakuwahi kumwuliza. Alimpa tu mkono, amtegemee.

Akachovya brashi, akaanza na mlango wa kushoto.

"Na ukuta nao unaupaka?"

"Brashi inatawanyika. Halafu hiyo balbu uliyoleta ni hafifu."

"Nimeifunga jana."

"Basi wamekupa mbovu, na wewe hukuona."

Mumewe akacheka kidogo, akapuliza vumbi kwenye saa. Mkewe akaona hapo ndipo pa kumkamata.

"Leo mchana daktari wa macho yupo zahanati," alisema. "Tunakwenda."

"Nani anakwenda kupimwa?"

"Anayeona bluu."

Mumewe akajikuna kidevu. "Tusimwonee mtu. Atakayekuwa amekosea ndiye atakayepimwa. Mwenzake atamsindikiza. Na hakuna kununa."

"Nani atakayeamua?"

"Mdogo wako si anakuja kukuona? Tusimwambie kitu. Tumwache aseme mwenyewe."

Mkewe alikubali upesi, kisha akaona haya, kama mtu aliyemnyang'anya mtoto maandazi. Alipomaliza kupaka alimpigia mumewe pasi shati lake jeupe. Akalitundika mlangoni. Kichwani alikuwa akipanga maneno ya kumwambia njiani: kwamba macho si aibu, kwamba watu hutibiwa wakapona, kwamba yeye angemsomea magazeti hata miaka ishirini.

Mumewe wala hakulitazama shati. Alikaa barazani akifuta viatu, na kwa kutojijua, mkewe aliwaza, alikuwa akifuta viatu visivyo vyake.

Hodi ikapigwa. Mdogo mtu akaingia, mkoba ungali begani, akasimama katikati ya sebule. Mume na mke wakafumba midomo kama walivyokubaliana. Mke akamtupia mumewe jicho la pole.

"Makubwa," mdogo mtu akasema, akilizunguka kabati. "Dada, bluu hii umeipata wapi? Kama sketi zetu za shule."

Saa zote za watu zilisikika mezani, kila moja na mwendo wake.

Fundi saa akainuka. Akaleta viatu alivyokuwa akivifuta, akaviweka taratibu miguuni pa mkewe, akamchukulia na kipochi chake.

"Tulisema hakuna kununa, mama watoto."

Walipofika ngazini, kama ilivyokuwa kwa mwezi mzima, akamshika mkewe mkono.