Ada ya Mchimbaji

Msitu mmoja ulikuwa na kisima kimoja, na Kenge alikikalia. Bei ilijulikana: kibuyu kimoja cha maji, yai moja. Lakini Nguchiro, mama wa watoto sita, alipochota alidaiwa mayai manne.

"Moja la maji," Kenge alisema, "moja la kukanyaga ukingo, moja la mimi kukuhesabia, na moja ni ada ya Mhanga aliyechimba."

"Wanangu walale njaa ili wewe unihesabie?" Nguchiro alifoka. Akalipa kwa sababu ya kiu, kisha akaenda moja kwa moja kwa Mhanga kumuuliza kama mayai yanamfikia.

"Mayai gani, mama?" Mhanga alishangaa. "Kisima kile nakizibua kila wiki, na hata ahsante sijapata!"

Kwa hasira, Mhanga alichimba kisima kipya, akawaambia wanyama wachote bure. Kile cha zamani kikajaa tope.

Siku ya tano Kenge alifika, koo limemkauka, akauliza bei.

"Kunywa tu," Nguchiro alimjibu. "Ukimaliza, utatuambia mayai ya Mhanga uliyapeleka wapi."

Wanyama wote wakamzunguka wakimsubiri. Kenge akainamisha kichwa majini, akanywa na kunywa, akiogopa kumaliza.