Mstari wa Kichochoro cha Wafumaji

Wewe umewahi kumwona mtu mzima akigombana na mstari?

Basi Bi Roswitha Aumann aligombana nao kila siku ya jua. Asubuhi hiyo alikuwa kaegemea dirishani, viwiko juu ya mto wake wa kitambaa cha maua, na paka wake mweupe kajikunja pembeni. Mwanamume mmoja mwenye mkoba mgongoni akaingia kichochoroni, kichwa chini, akiifuata rangi nyekundu juu ya mawe kama kuku anayefuata punje. Ilipokoma rangi naye akakoma. Mbele yake palikuwa na ngazi, mlango, na Bi Roswitha.

"Wewe! Unaona mnara hapa? Unaona kanisa?"

"Samahani, mama. Mstari ndio ulionileta."

"Ukikupeleka ziwani utatumbukia? Hebu sogea nikuone. Umetoka wapi?"

"Bremen."

"Ndiko mnakofunzwa kuchungulia nyumba za watu? Na kikohozi hicho, mbona shingo wazi? Mkeo hana macho?"

"Nina treni, mama..."

"Treni zipo tangu babu yako hajazaliwa. Nijibu kwanza!"

Mtu wa watu akatoka mbio, kikaratasi chake cha ramani kikimpepea mkononi. Bi Roswitha akamtazama mpaka akapotea konani, kisha akautandika mto wake upya.

Mstari wenyewe ulikuwa wa halmashauri. Ulianzia stesheni, ukapita sokoni, kwenye lango la zamani na kanisani, ukaishia ngomeni. Mgeni hakuhitaji kiongozi wala kumuuliza mtu njia. Aliufuata kimya, akapiga picha zake, akarudi kwenye treni. Lakini tangu Pasaka ulikuwa umeota tawi. Tawi hilo lilichepuka mbele ya duka la mikate, likaingia Kichochoro cha Wafumaji, ambacho hakina pa kutokea, likaenda kufia kwenye ngazi za Bi Roswitha. Halmashauri ikaapa haikulituma. Ikalisugua. Likarudi. Ikalisugua tena, na tena likarudi, jekundu kuliko mwanzo.

Jirani wa nyumba ya pili, Bwana Eckart Pohl, alikuwa amechoka. Wageni walikaa ngazini kwake na kumwachia maganda ya ndizi. Akazunguka na karatasi ya kudai geti la chuma mdomoni mwa kichochoro, wenyeji tu wawe na funguo. Wote walitia sahihi, isipokuwa mmoja.

"Bi Aumann, umebaki wewe tu."

"Nimepoteza miwani."

"Unayo kichwani."

"Hiyo ya kuonea mbali."

"Ajabu! Unawafokea wageni kuliko sisi sote, halafu sahihi hutaki kutia!"

"Mdomo wangu, bwana. Na mkono wangu."

Bwana Pohl akanusa hewa. "Na keki ya plamu umeoka tena sinia zima. Mtu mmoja! Unamlisha nani?"

"Si wewe."

Siku hiyohiyo, ya Jumamosi, akaja mfanyakazi wa halmashauri, binti mnene mchangamfu aitwaye Silke, anasukuma mashine ya maji na brashi zake. Bwana Pohl akamwandama, mikono nyuma.

"Leo ndiyo mara ya mwisho," akamwambia, kwa sauti ya kusikika dirishani. "Mkubwa wako kaniahidi. Rangi ikionekana tena, sahihi au bila sahihi, mafundi wanaleta geti. Hapa hataingia hata nzi wa kigeni."

Bi Roswitha akamgeukia Silke.

"Unasugua kama unambembeleza mtoto! Nani kakufundisha?"

"Mama yangu, bibi."

"Yuko hai?"

"Yuko Kassel."

"Unaenda kumwona, au na wewe ni wale wa kupiga simu Krismasi?"

"Lo, bibi! Unahoji kuliko polisi." Silke alicheka, brashi ikiendelea kunguruma. Nyekundu ikayeyuka, ikatiririka mtaroni, jiwe baada ya jiwe, mpaka akafika chini ya ngazi. Hapo akazima mashine. Akagusa jiwe la mwisho, akatazama kidole chake.

"Bwana Pohl, hapa bado pabichi. Mtu kapaka leo."

Bwana Pohl akaiva uso. "Nilisema mimi! Nilisema ni yule mwokaji wa duka la mikate! Anajitafutia wateja, mlafi yule! Leo atanitambua!" Akaondoka kwa hatua za askari, na punde sauti yake ikasikika kutoka sokoni, ikigongana na ya mwokaji, wakiitana majina ya wanyama wa zizini.

"Na wewe umesimama nini?" Bi Roswitha akamfokea Silke. "Kama umemaliza, nenda! Kila siku watu mlangoni kwangu, watu mlangoni kwangu!"

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Paka mweupe, aliyekuwa amekwishashuka dirishani, akajipenyeza nje, akajinyoosha, akateremka ngazi taratibu. Kila alipokanyaga aliacha ua dogo jekundu. Silke akayafuata kwa macho yale maua, kurudi nyuma: ngazini, kizingitini, ukumbini, mpaka mlango wa chumba cha chini.

Akainua uso. Bi Roswitha alikuwa ameondoa viwiko juu ya mto na kuificha mikono nyuma.

Silke akatazama upande wa sokoni, kulikokuwa na kelele. Kisha akawasha maji, akaziosha ngazi zote, taratibu, mpaka zikang'aa.

"Keki bado ya moto," alisema Bi Roswitha, na sauti haikuwa ile. "Ingia, mwanangu. Ingia ukae."