Aliyechora Maktaba

"Aliyechora maktaba hii alikuwa mlevi!" mzee alisema, na kundi zima nililokuwa nikilitembeza kando ya maji, kuona majengo mapya ya Abidjan, likaangua kicheko. "Ngazi zote hizi, wazee wenzangu wapumzikie wapi?"

Nami nikacheka.

Binti yake, Affoué, hakucheka. Alinivuta kando. "Kaka, ni yeye. Yeye ndiye aliyeichora. Ugonjwa umemsahaulisha. Nimemleta nikidhani akiiona atakumbuka."

Sikujua niuweke wapi uso wangu. Jina la mchoraji, nililokuwa tayari kulitaja kwa fahari, kama kila Jumamosi, nikalimeza. Nikimwambia, nitakuwa nimempa zawadi, au nimemwaibisha mbele za watu?

Mzee alikuwa ameanza kupanda ngazi, akishikilia reli yake ya mbao. Akasimama. Bila kutazama, kidole gumba chake kikapita chini ya reli na kutulia ndani ya kishimo laini, kilichochongwa kwa ukubwa wa kidole. Siku zote ninazopita pale, sijawahi kukiona.

Akakipapasa polepole, kama anayembembeleza mtoto.

"Kijana," akaniita, "fundi huyu yu hai bado?"

Affoué akaziba mdomo kwa ncha ya kitambaa chake.

"Yu hai, Mzee."

"Ngazi zilimshinda. Lakini hapa," akasema, kidole kingali palepale, "hapa alimfikiria mtu. Hebu mwite, nimpe mkono."

Akaunyoosha mkono wa pili, akasubiri.